Maswali ya wasomaji: Piloti inayoendesha mashua kama nyoka

SWALI: Jambo Papa. Ninakuandikia kutoka Himbi, hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu. Nina mashua ya tanga ya mita 6, ya mbao, niliyoiunda na baba mdogo. Kaka yangu aliyeko Liège amenitumia piloti ya usukani iliyokwisha kutumika, yaani kifaa cha umeme kinachoshika usukani badala ya mtu, Raymarine ST1000 Plus. Fundi mmoja wa redio aliifunga upande wa kushoto, kwa sababu kulia kuna kisanduku cha nanga. Siku ya kwanza ilitugeuza upande usiofaa kabisa, mpaka fundi akabadili kitu kwenye mipangilio. Sasa inakwenda, lakini inakwenda kama nyoka. Mkono wake unasukuma na kuvuta bila kupumzika, na kabla sijaanza kuona vizuri miti ya kisiwa cha Idjwi, batri ya pikipiki ninayotumia imekwisha. Je, niliuziwa kifaa kibovu? Aksanti.

JIBU: Mwanangu, kifaa chako kinaonekana kizima. Kibovu mara nyingi kingekaa kimya au kingesukuma upande mmoja tu. Hicho chako kinafanya kazi kupita kiasi, na kazi hiyo kinapewa na namna kilivyofungwa, na pengine na tanga lako.

Ile ya siku ya kwanza imeshaeleweka. Piloti hizi huundwa zikitarajia kukaa kulia. Ukizihamishia kushoto, kusukuma kunageuka kuwa kuvuta, na usipoiambia, inakupeleka kinyume. Fundi wako alipata hilo, apewe sifa yake.

Sasa chukua utepe wa kupimia, uende kwenye mashua leo leo. Weka mkono wa usukani, ule ambao watu wa Pwani huuita kana, katikati kabisa. Pima kutoka pale usukani unapozungukia, yaani kwenye bawaba, mpaka kwenye pini ndogo ambayo piloti inashikia juu ya kana. Kwa aina yako lazima upate milimita 460. Halafu, fimbo ya piloti ikiwa imetoka nusu ya mwendo wake, pima kutoka kwenye pini hiyo mpaka kwenye tundu la upande wa mashua, lile ambamo piloti inakaa: milimita 589. Piloti ilale sawa kama meza, na ifanye pembe ya digrii 90 na kana. Pini ikiwa karibu mno na bawaba, kila msukumo mdogo unageuza usukani sana, mashua inapita njia, inarudishwa, inapita tena. Hapo ndipo nyoka anapozaliwa. Watu wengi wanatoboa pale mbao iliporuhusu, wakidhani sentimita 8 si kitu. Ni kitu. Kama mbao hairuhusu, gongomea kipande cha mbao ngumu chini ya tundu, au ongeza kipande cha chuma cha pua juu ya kana, lakini vipimo usiviguse. Tundu na pini vyote vigandishwe kwa gundi ya epoksi, uviache usiku mzima kabla ya kuvitia nguvu. Ukitikisa pini kwa vidole ikacheza hata kidogo, rudia.

Kisanduku cha nanga kimenishtua. Dira ya piloti hiyo haiko mbali, iko ndani ya mwili wake, na nanga ni chuma. Spika ya redio ni sumaku. Simu uliyoiweka kwenye kiti karibu nayo pia ina sumaku ndani. Hamishia nanga mbele, kwenye pua, na piloti uirudishe kulia inakopenda, pamoja na mpangilio ule alioubadili fundi. Na jambo la kwetu Goma: mawe yetu meusi ya volkano yana madini ya sumaku ndani yake. Chukua dira ndogo ya mkononi, isogeze polepole juu ya jiwe la lava pale ufukweni, utaona sindano inayumba. Kwa hiyo usiiangalie dira ya piloti ukiwa umefunga mashua kwenye ukuta wa mawe, ukasema inadanganya. Ondoka, ingia ziwani, fika penye maji mengi, ndipo ulinganishe.

Nikifika kwenye tanga naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Kiangazi, kuanzia Juni, upepo wa kusini unapokaza, nyinyi wa Goma mnakwenda Idjwi huku mkiupinga. Mashua ikilalia upande, pua inataka kupanda kwenye upepo. Wewe ukiwa umeshika kana kwa mkono hulioni hilo, bega lako linavuta tu. Piloti inavuta vilevile, ila yenyewe inavuta kwa batri. Fanya jaribio hili: zima piloti, shika kana kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Kama unaweza kuiweka njiani kwa vidole hivyo, piloti nayo itaweza. Kama unahitaji kiganja kizima, punguza tanga kubwa, legeza kamba yake, mwambie mwenzako akae upande wa upepo. Niliwahi kumwona kijana mmoja akipunguza tanga lake kwa fundo moja tu, na sauti ya piloti, ile zii-zii-zii isiyokoma, ikawa zii moja, kimya, halafu zii nyingine baada ya muda. Ukisikia kimya hicho ujue umeshapatia.

Kurudi ni kugumu zaidi, ingawa upepo unakusukuma. Wimbi la nyuma linainua matako ya mashua na kuyatupa pembeni, na piloti inajua hivyo ikiwa imechelewa, kwa sababu inasoma dira tu. Wewe unahisi wimbi mgongoni kabla halijafika. Basi mawimbi ya nyuma yakiwa makubwa, shika mwenyewe. Tena upepo ukigeuka, piloti haigeuki nao, inabaki na namba yake mpaka tanga linahama upande kwa kishindo na mti wake unapita juu ya vichwa.

Batri sitakaa nayo muda mrefu. Piloti hiyo ikisubiri inakula kidogo sana, ikifanya kazi ngumu inafika ampea 1.5. Batri ya pikipiki ina ampea-saa 5 au 7, na ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Piga hesabu mwenyewe: hazipiti saa chache. Tafuta batri ya ampea-saa 30 au zaidi, paneli ya jua ya wati 50, waya mnene wa shaba, na fyuzi karibu na batri. Mvua ikinyesha, ivishe koti la turubai, maana maji huingilia pale fimbo inapotokea.

Sasa nikueleze lililonipata mimi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikipeleka mashua ya mtu kutoka Bukavu kwenda Goma, usiku, piloti ikishika. Bahari hatuna, lakini usiku wa Kivu wavuvi wa sambaza, vile visamaki vyetu vidogo, wamejaa: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji. Niliinama ndani kumimina chai kwenye termosi. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Niliposimama, ncha ya mti wa mikaratusi ilikuwa mbele ya uso wangu, na mzee mmoja amesimama kwenye mtumbwi, ameishika pua ya mashua yangu kwa mikono miwili, anaisukuma isiingie kwenye wavu. Taa yao ilikuwa imezimika, walikuwa wakiiwasha upya. Akaniuliza kwa upole kabisa: «Huko nyuma ni nani anashika?» Sikuwa na jibu. Piloti ilikuwa imeshika digrii zake vizuri sana, haikukosea hata moja.

Kwa hiyo ukiwasha piloti, kazi yako inakuwa macho. Na jifunge kamba. Mashua inayokwenda kilomita 7 kwa saa inakuacha mita 2 kila sekunde, na ukianguka, piloti haitasimama kukungoja. Zoeza pia mkono wako kuinyanyua kutoka kwenye pini kwa tendo moja, bila kutazama, mpaka hata mwanao aweze.

SWALI: Papa, mimi niko Nguba, Bukavu, fedha za piloti sina. Naweza kufunga kana kwa kamba tu?

JIBU: Mama, kufunga kwa kamba tu hakufai, lakini kamba pamoja na mpira inawezekana, na wasafiri wa peke yao wamefanya hivyo muda mrefu kabla ya vifaa vya umeme. Chukua kamba inayovuta tanga dogo la mbele, ipitishe kwenye kapi upande wa upepo, uifunge kwenye kana. Upande wa pili, chini ya upepo, funga mipira ya tyubu, ile ile inayofunga mizigo kwenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo. Upepo ukiongezeka, tanga linavuta kamba, kamba inavuta kana kuelekea upepo, na pua inatoka kwenye upepo. Upepo ukipungua, mpira unarudisha kana. Anza na vipande viwili vya mpira. Pua ikizidi kupanda kwenye upepo, ondoa kimoja. Ikizidi kukimbia upepo, ongeza kimoja. Jaribu mchana, mbali na miti ya wavuvi, upepo wako ukitoka mbele au ubavuni. Ukitoka nyuma, njia hii haishiki, fungua yote uendeshe kwa mkono.