Pumzi imerudi, goti bado: kurejea kwenye baiskeli baada ya masika

Swali: Mimi ni mwalimu wa umri wa miaka 46, ninaishi Ipogolo, Iringa. Kabla ya mvua nilikuwa nikiendesha baiskeli mara nne kwa wiki na kupanda kilima cha kwenda mjini bila kushuka. Niliacha mwanzoni mwa Desemba kwa sababu ya matope, nikaanza tena Mei. Mwanzoni pumzi iliniishia katikati ya kilima. Sasa ni wiki ya nne, pumzi ina nafuu, lakini goti la kulia linauma upande wa mbele. Je, ni umri, ni baridi, au mazoezi ya zamani yamepotea yote?

Jibu: Ndugu mwalimu, umri na baridi vina sehemu ndogo katika hili, na mwinuko wa Iringa hauna sehemu kabisa, kwa kuwa mwili wako haukuuhama.

Mtu anapoacha mazoezi ya pumzi kama kuendesha baiskeli, kinachopungua mapema ni majimaji ya damu. Ndani ya wiki chache za mwanzo ujazo wa damu hushuka, moyo hupata damu kidogo ya kusukuma kwa kila pigo, na ili kufidia upungufu huo hulazimika kwenda mbio. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984, Edward Coyle na wenzake waliwafuatilia wanamichezo walioacha mazoezi makali, wakaona uwezo wao wa kutumia oksijeni umeshuka kwa asilimia 7 hivi kufikia wiki ya tatu na kwa asilimia 16 kufikia siku ya 56, kisha ukatulia. Mishipa midogo ya damu iliyomo ndani ya misuli haikupungua. Kwa hiyo hukupoteza yote, na ndiyo maana pumzi yako imerejea upesi.

Tatizo liko hapo hapo. Damu na moyo huitikia mazoezi katika muda wa wiki chache, ilhali kano zinazoshikilia goti huhitaji miezi, kwa hiyo wiki ya nne ndiyo wakati ambapo kifua kinakuruhusu kukanyaga kwa nguvu ambayo goti halijawa tayari kuibeba. Kwa wiki mbili zijazo panda kilima kwa giya nyepesi, hata kama watoto wa shule watakupita. Hesabu mizunguko ya mguu mmoja kwa sekunde 15: ikiwa chini ya 15, giya ni nzito mno; ukiishiwa giya, shuka utembee. Maumivu madogo yanayokwisha kufikia asubuhi yanavumilika, lakini yakikukuta bado unapoamka, pumzika siku hiyo na upunguze safari inayofuata.

Kabla ya yote hayo, pima kiti. Baiskeli inayosemekana ilikaa ndani miezi mitano mara nyingi haikukaa; kijana wa nyumbani alienda nayo dukani na kiti akakishusha, na kiti kilicho chini hulikunja goti kupita kiasi na kuliumiza upande huo huo wa mbele unaoutaja. Egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Breki na mnyororo avitazame fundi, maana kilima hicho kina hatari zaidi wakati wa kushuka.

Masika yajayo usiache kabisa. Uwezo wa pumzi hushikiliwa zaidi na ukali wa zoezi kuliko wingi wa siku, kwa hiyo vipindi viwili vifupi kwa wiki vya kuruka kamba au kupanda ngazi, kwa kasi inayokunyima kuongea sentensi nzima, vitakuokolea sehemu kubwa ya ulichojenga.

Goti likivimba, likikwama au likishindwa kubeba uzito, nenda ukaonwe na mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika ukiwa kilimani, acha kuendesha siku hiyo hiyo na umwone daktari kwanza.