Taa ya Bibi Katika Kidaka

SWALI: Mhariri, marehemu bibi yangu ameniachia taa ya mafuta ya kioo kizito chenye nakshi za almasi, na shingo yake ni ya shaba. Nataka kuiweka katika kidaka cha sebuleni, lakini ndani ya kioo kuna ukungu wa manjano na shingo inacheza. Je, ni kioo cha kuchongwa kweli? Na niiroweke katika maji ya moto yenye sabuni?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usiiroweke. Shingo ya taa hizi hushikizwa kwenye kioo kwa plasta ya jasi, nayo plasta ikilowana hulegea na kumomonyoka; huko kucheza unakokuona ni dalili kwamba imekwisha kuchoka. Tia ndani maji ya vuguvugu kidogo yenye sabuni, izungushe taa taratibu bila maji kufika shingoni, kisha uyamwage na kuiacha ikauke. Unjano ni masalia ya mafuta ya taa na huenda ukahitaji kurudia mara kadhaa. Ukibaki weupe usiotoka, hapo ni kioo chenyewe kilicholiwa na unyevu, wala usikikwangue.

Kuhusu kuchongwa, pitisha ncha ya kidole kwenye kingo za nakshi. Zilizokatwa kwa gurudumu ni kali, karibu zikukwaruze, ilhali zilizotoka kwenye kalibu, yaani umbo linalotiwa kioo cha moto, ni butu kidogo, na mara nyingi utaona mstari mwembamba wa maungio ukishuka ubavuni. Mashine za kukandamiza kioo katika kalibu zilienea Marekani tangu miaka ya 1820, na taa za mafuta ya taa zilikuja katika miaka ya 1850, kwa hiyo usishangae ukiukuta mstari huo. Kwangu mimi taa haipungui uzuri kwa sababu hiyo, hasa ikiwa ni mikono ya bibi iliyokuwa ikiifuta kila jioni.

Shingo mpelekee fundi mwenye subira, aondoe plasta kuukuu ikiwa kavu na kutia mpya; gundi kali asiiguse, kwa kuwa haitoki tena bila kuhatarisha kioo. Shaba nayo, kwa upepo wa chumvi wa Tanga, hushika kutu ya kijani upesi, basi ifute kwa kitambaa laini kikavu kila wiki. Mafuta usitie tena wala usiiwashe, maana shingo iliyolegea inaweza kuyavujisha karibu na moto.