Simu yenye loki: muulize kwanza aliyeifunga

Sisi tunaonunua dagaa Kibirizi hatuwezi kuishi na laini moja. Hapa Kigoma mjini unaweza kuchagua mtandao, lakini ukienda kwenye mialo ya vijijini, huku unakamata huu, kule unakamata ule. Siku za giza, mvuvi akirudi alfajiri na mzigo akakupigia asikupate, anampigia mwingine. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiletea Samsung kutoka Marekani nilishukuru sana. Nikaweka laini yangu. Simu ikagoma, ikataka namba ya kufungulia mtandao: kampuni iliyoiuza ilikuwa imeifunga ipokee laini za mtandao wake tu.

Nikaingiza PIN ya laini. Ikakataa. Nikajaribu PUK. Ikakataa. Hapo ndipo wengi tunapoiumiza simu: namba inayotakiwa si ya laini wala ya kadi, ni ya simu yenyewe, na nafasi za kujaribu zinahesabika. Zikiisha, simu nyingi hazipokei tena hata namba iliyo sahihi. Tafadhali usibahatishe hata mara moja.

Nilimpelekea fundi, akasema ataiflashi. Picha zote za familia alizokuwa ametuwekea mdogo wangu zikafutika, loki ikabaki palepale. Kuflashi kunabadilisha programu ya simu; loki ya mtandao kwa kawaida haitoki kwa njia hiyo. Zile picha bado zinaniuma.

Kilichosaidia ni kurudi kwa aliyeifunga. Nilibonyeza *#06#, nikapata IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, nikamtumia mdogo wangu, naye akaipeleka kwenye kampuni aliyonunulia. Waliangalia kama deni la simu limekwisha na kama haijaripotiwa kuibwa, kisha wakampa namba bila malipo. Marekani ina sheria ya mwaka 2014 inayomruhusu mwenye simu kuifungua aitumie kwenye mtandao mwingine. Uingereza kampuni za simu zimekatazwa kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021, na Kanada tangu Desemba 2017. Kama una ndugu huko, mwambie aifungulie hukohuko kabla hajapanda ndege. iPhone haiombi namba. Kampuni inaifungua kwenye kumbukumbu za Apple, na ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, utaona kama ina kizuizi cha mtandao.

Lakini tambua kwanza ni loki gani. Simu inayodai akaunti ya Google ya mwenyewe wa zamani ni jambo lingine, umtafute aliyekuuzia. Simu ya mkopo iliyojifunga inataka rejesho. Na iliyofungiwa IMEI, kama zile feki zilizozimwa nchini Juni 2016, haiponi kwa namba yoyote. Kabla ya kununua ya mkononi, tuma IMEI yake kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA, uone majibu. Fundi akikwambia atabadilisha IMEI, chukua simu yako uondoke. Hilo ni kosa la jinai.

Namba yangu ilipofika, mke wangu aliisoma tarakimu moja moja, mimi nikibonyeza polepole, maana sikujua nimebakiza nafasi ngapi. Ikakubali. Nikaweka laini ya pili, nikampigia mvuvi wangu wa Mwamgongo, akapokea.