Chai inapotokea puani

Maswali ya wiki hii yametoka kwa wanaouguza nyumbani, na yote yanagusa kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya kinywa ambako kimeo huning'inia.

Mama ana saratani ya koo iliyosambaa. Akinywa chai, inamtoka puani. Kwa nini?

Tunapomeza, kaakaa laini hupanda na kuziba njia ya pua. Kwa mama yako mlango huo haufungiki: huenda uvimbe umeula, mionzi imeukakamaza, au mshipa wa fahamu unaouendesha umebanwa chini ya fuvu. Akae wima, anywe funda dogo dogo, ajaribu kubana pua anapomeza. Uji mzito kiasi hupita vizuri kuliko chai, ila ukizidi uzito hubaki kooni. Akianza kupaliwa kila anapokunywa, hilo ni jambo jingine na la hatari zaidi: kinywaji kinaingia njia ya hewa. Daktari aambiwe mapema.

Baba anaongelea puani, hatumwelewi. Kuna dawa?

Ya kumeza, hakuna. Mwambie aseme "baba". Mkisikia "mama", hewa inavujia puani. Abane pua, arudie. Maneno yakisikika vizuri zaidi, huenda kifaa kikamfaa. Madaktari wa meno wanaotengeneza meno ya bandia hukifinyanga kwa vipimo vya kinywa chake, chenye mkia kwa nyuma: penye tundu kinaziba, na kaakaa lisilo na tundu ila limelegea kinaliinua. Lakini kinataka meno ya kushikilia, mdomo unaofunguka vizuri, na safari kadhaa za kliniki kukirekebisha. Kwa mgonjwa ambaye kufika barabarani tu ni kazi, mimi sikikazanii. Vidole viwili puani anapozungumza na wajukuu, si haba.

Wazee wanataka akatwe kimeo.

Msithubutu. Kaakaa tayari halitoshi kuziba, nanyi mnataka kulipunguza? Na nyama iliyopigwa mionzi ikijeruhiwa hupona kwa shida sana. Wazee waelezwe kwa heshima, lakini jibu ni hapana.

Vidonge vya mofini, dawa ya maumivu makali, vinamkwama. Tuvisage?

Muulizeni mfamasia kwanza. Vile vinavyotoa dawa polepole havisagwi kamwe, kwani dozi ya saa nyingi itaingia mwilini kwa mkupuo. Ombeni mofini ya maji kwa wahudumu wa tiba shufaa, wale wanaopunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito.