Kabla Hujaongeza Kifurushi, Ipigie Ruta Ping

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Kaka, nimepandisha kifurushi cha intaneti. Simu inakimbia vizuri, ila laptop inakongoja vilevile. Ninunue laptop nyingine?"

Usinunue. Tena nakuomba usipandishe kifurushi kingine kabla hujasoma haya mpaka chini, maana jibu lako umeshaliandika wewe mwenyewe bila kujua. Simu na laptop ziko chumba kimoja, zinakula ruta moja, moja inakimbia na nyingine inakongoja. Basi laini inayoingia nyumbani haina kosa. Kosa liko kati ya laptop na ruta, na huko kifurushi hakifiki hata ukilipia kikubwa kuliko vyote.

Nalisema kwa uchungu kidogo kwa sababu limenigharimu. Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri kwa wateja wa mbali, kazi ambayo najua wengi wenu mnaosoma hapa mnaitamani au mmeshaianza. Kwenye kazi hii sauti ikikatika katikati ya kikao, hakuna anayekuuliza kama tatizo ni ruta au ni mvua. Mteja mmoja niliyemfuatilia muda mrefu aliniambia mbele ya timu yake yote nitafute "intaneti ya watu wazima". Kamera zilikuwa wazi. Niliona nani alicheka. Kazi ile alipewa mtu mwingine, na sitajidai kwamba nimeshasahau.

Nikampigia mtoa huduma wangu. Dada wa huduma kwa wateja hakuniuliza natumia kifaa gani wala nakaa umbali gani na ruta. Alisema kifurushi changu ni kidogo, nipande ngazi. Nikamuuliza, mbona simu yangu kwa kifurushi hichohicho inapakua bila shida? Akairudia sentensi ileile, kwa upole uleule. Sikupanda ngazi. Nilikata simu nikaamua kupima mwenyewe.

Kipimo chenyewe hakihitaji programu ya kununua. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, halafu tafuta anwani ya lango (Default Gateway), yaani ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha tumia ping, amri inayotuma ujumbe mdogo na kupima jibu linachukua muda gani kurudi: andika ping, nafasi, anwani hiyo, nafasi, -t. Kwenye Mac na Linux anwani utaikuta kwenye mipangilio ya mtandao, na ping huendelea yenyewe mpaka uisimamishe kwa Ctrl na C. Iache ikimbie dakika chache huku ukitazama namba za milisekunde. Kutoka kwenye laptop hadi kwenye ruta iliyo chumba hichohicho, namba zinatakiwa ziwe ndogo na zilizotulia, 2, 3, 5. Ukiona 4, halafu 310, halafu 900, halafu jibu linapotea kabisa, ugonjwa uko humo ndani ya nyumba yako. Rudia kipimo kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje. Kama ruta inajibu kwa utulivu lakini 8.8.8.8 inarukaruka, hapo sasa una haki ya kumpigia mtoa huduma na kumsomea namba zako.

Za kwangu zilirukaruka hapahapa ndani. Nikiisogeza laptop hadi pembeni ya ruta, zinatulia. Nikirudi mezani kwangu, vurugu.

Hatua iliyofuata ni kupima nguvu ya mawimbi, na hapa achana na vile vijiti vya kwenye skrini, vinasema kidogo mno. Kwenye Mac shikilia kitufe cha Option ukibofya alama ya Wi-Fi, utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba hasi ambayo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Kwenye Windows amri ni netsh wlan show interfaces, nayo hukupa nguvu kwa asilimia, chaneli (njia ya mawimbi inayotumika) na kasi ambayo kadi ya Wi-Fi ya laptop imekubaliana na ruta. Kwa simu ya video isiyoganda, wahandisi wengi hutaka angalau -67. Ukishafika -80 unaishi kwa kudra. Laptop yangu ilisoma -79 mahali ambapo simu, nikiwa nimeiweka juu ya kibodi, ilisoma -48. Tofauti kubwa kiasi hicho kati ya vifaa viwili vilivyopandana haielezeki kwa ukuta wala kwa majirani.

Ikumbukwe kwamba laptop hiyo ilikuwa imetoka kwa fundi siku si nyingi. Alisafisha feni na kubadilisha kibodi. Nilimrudishia nikamweleza kwamba tangu atoke nayo mkononi Wi-Fi imekufa. Akaiwasha palepale, ruta yake ikiwa hatua mbili kutoka alipokaa, ikaunganika, akanionyesha vijiti vimejaa. "Hiyo ni intaneti yako, bosi." Hakushika hata bisibisi.

Sasa sikiliza, maana hili mafundi wengi hawakwambii. Antena za laptop kwa kawaida hazikai pale ilipo kadi ya Wi-Fi. Zimezungushwa kwenye fremu ya skrini, na nyaya mbili nyembamba, aghalabu moja nyeusi na moja nyeupe, hushuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi. Huko zinabanwa kwa vichwa vidogo vya kubonyeza. Fundi akibadilisha kibodi, feni au skrini, mara nyingi hulazimika kuvichomoa. Akisahau kukibana kimoja, au kikikaa upande, kadi haifi. Ikiwa karibu sana na ruta bado inanasa mawimbi, kwa hiyo kila kitu kinaonekana sawa dukani. Ukifika nyumbani ukakaa chumba cha pili, kilio.

Nilizima mashine, nikafungua mfuniko, nikachomoa betri kwanza kabla ya kugusa chochote. Waya mweusi ulikuwa umelala pembeni ya kadi. Nikaweka kichwa chake sawasawa juu ya pini, nikakibonyeza polepole kwa kidole mpaka kikalia. Nilipowasha na kukaa mezani kwangu, ikasoma -52. Ping ikatulia kwenye 3. Hakuna kifurushi, hakuna ruta mpya, hakuna fundi. Mikono yangu. Na yule fundi hadi leo hajasema samahani, ingawa nilimtumia picha. Angalizo moja: vichwa hivyo havikuundwa kuchezewa, vile vya aina ya U.FL hukadiriwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 30 hivi. Na kama laptop yako bado iko ndani ya dhamana, usiifungue, irudishe.

Msomaji wangu ataniambia laptop yake haijawahi kufunguliwa. Sawa. Basi kesi yake huenda ni ya bendi, yaani masafa ya mawimbi. Ruta nyingi za sasa hurusha bendi mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ile ya kwanza hupenya kuta vizuri na kufika mbali, lakini imejaa watu. Chaneli ambazo haziingiliani humo ni tatu tu, 1, 6 na 11, na humohumo zimo Bluetooth na maikrowevu, ambayo hufanya kazi karibu na 2.45 GHz. Wi-Fi ni kikao cha msemaji mmoja mmoja: vifaa vyote vya chaneli moja hupokezana zamu, vikiwemo vya jirani. Simu mpya hujichagulia 5 GHz, laptop ya zamani hubaki kwenye foleni ya 2.4. Andika netsh wlan show drivers uangalie orodha ya aina za redio. Hayo ni majina ya viwango vya Wi-Fi: ukikuta 802.11b, g na n peke yake, bila a wala ac wala ax, karibu hakika kadi hiyo haiijui 5 GHz, na adapta ndogo ya USB yenye bendi mbili itamaliza maneno kwa sehemu ndogo sana ya bei ya laptop. Ukikuta inaijua lakini imeng'ang'ania 2.4, ipe bendi ya 5 jina lake kwenye ruta, uiunganishe kwa jina hilo, uiambie laptop isahau lile lingine.

Kuna mambo mengine nitayapitia haraka kwa sababu hayana utamu. Diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu na antena huchafua mawimbi ya 2.4 GHz. Intel walichapisha waraka kuhusu hilo mwaka 2012, na bado watu hawaamini mpaka waichomoe waone. Kasi ya muunganisho ikigota kwenye megabiti 54 kwa sekunde na haipandi kamwe, kagua usalama wa ruta: ukiwa umewekwa WEP au TKIP, njia za zamani za kufunga Wi-Fi, kiwango cha 802.11n hakiruhusiwi kupita hapo, kwa hiyo weka WPA2 yenye AES au WPA3. Laptop ikikimbia ukiwa umechomeka chaja na kuchoka ukiwa kwenye betri, tatizo ni ubanaji wa umeme. Nenda kwenye mipangilio ya nishati, ukaruhusu adapta ya Wi-Fi itumie nguvu zake zote. Angalia pia VPN uliyoisahau, yaani programu inayozungusha intaneti yako kupitia seva nyingine, na programu za kuhifadhi picha mtandaoni zinazopakia kimyakimya, maana njia ya kupandisha data ikijaa, hata kufungua ukurasa mdogo huwa taabu. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, upange orodha kwa safu ya mtandao, mwizi atajitokeza. Na tafadhali msichanganye megabiti na megabaiti. Laini ya megabiti 40 kwa sekunde ikikushushia megabaiti 5 kwa sekunde, haujaibiwa, kwa kuwa baiti moja ni biti 8.

Ndugu zangu, tumefundishwa kwamba kila kikisumbua kitu, dawa ni kulipa zaidi. Wauza vifurushi wanalijua hilo. Mafundi wavivu wanalijua. Mtu asiyepima hana cha kubishia, atakubali lolote atakaloambiwa na aliyevaa beji. Wewe unayetaka kula kwa jasho la mtandaoni huna ruhusa ya kuwa mtu huyo. Jifunze kupima. Andika namba zako kwenye daftari, kabla na baada, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mambo yakakaa sawa, hutajua kipi kilikuponya, na siku yakirudi utaanza upya.

Kwangu, siku ya kikao kikubwa Wi-Fi haihusiki kabisa, hata kama inasoma -40. Nachomeka kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta moja kwa moja. Laptop nyembamba nyingi hazina tundu lake, kwa hiyo utahitaji adapta ya USB-C. Ukishachomeka, tazama kasi ya muunganisho kwenye mipangilio. Kama ruta na adapta zote ni za gigabiti na bado unasoma megabiti 100 badala ya 1000, badilisha kebo kwanza. Gigabiti hutumia jozi zote 4 za nyaya zilizo ndani yake, moja ikikatika muunganisho unaweza kushuka hadi 100 bila kukutaarifu.