Malmö FF mataji 24 au 27? Hesabu ya ubingwa wa Uswidi inavyochanganya

SWALI: Kaka habari za kazi. Naandaa chemsha bongo ya mpira kwenye programu ya simu, nimekwama Uswidi. Sehemu moja Malmö FF wana mataji 27, kwingine 24. IFK Göteborg huku 18 kule 13. Örgryte ndo kabisa, mmoja anasema 12 mwingine anasema 2! Niweke lipi, na klabu ipi hasa ndo kubwa kule?

JIBU: Salama mdogo wangu. Hizo namba zote ziko sawa, tatizo zinahesabu vitu viwili tofauti alafu watu wanazitupia chini ya neno moja "mataji". Kuna kumaliza kileleni mwa ligi, yaani Allsvenskan, na kuna kuwa bingwa wa Uswidi, wenyewe wanaita svenska mästare, kifupi SM. Siku hizi ukiongoza Allsvenskan ndo bingwa, hakuna mjadala. Zamani haikuwa hivo, na kwa sisi tunaokaa na takwimu za mpira kila siku, Uswidi ni moja ya nchi ambazo ukikopi jedwali bila kuuliza lazima upotee.

Anzia mwanzo. Kuanzia 1896 mpaka 1925 bingwa alipatikana kwa mtoano, mashindano yakiitwa Svenska Mästerskapet, ukipigwa unarudi nyumbani. Hapo ndo Örgryte wa pale mjini Göteborg walijipigia ndoo 11 kati ya 1896 na 1913. Allsvenskan ikaanza msimu wa 1924–25, GAIS wakamaliza wa kwanza, lakini ubingwa wa 1925 ukaenda kwa Brynäs kupitia ule mtoano (leo ukitaja Brynäs kule mtu anajua unaongelea hoki ya barafu). Baada ya hapo mtoano ukafa, ila ligi nayo haikupewa hadhi ya kutoa bingwa mpaka msimu wa 1930–31. Maana yake kuanzia 1926 mpaka 1930 mpira unachezwa, kuna mtu anakaa kileleni, na nchi haina bingwa! Helsingborg waliongoza misimu miwili mfululizo humo ndani na kwenye orodha ya mabingwa hawapati kitu.

Sasa shida kubwa zaidi ni miaka ya 80. Kuanzia 1982 mpaka 1990 Waswidi waliamua ligi ikiisha timu za juu ziingie kwenye mchujo, atakayeshinda fainali ndo bingwa, hata kama aliachwa mbali kwenye msimamo. Alafu 1991 na 1992 wakabadilisha tena, wakaweka ligi ndogo ya ubingwa baada ya ile ya kawaida, ndo mwaka 1993 wakarudi kwenye akili za kawaida. Walioumia kuliko wote ni Malmö FF. Chini ya Roy Hodgson, ndo huyuhuyu Mwingereza aliyekuja kufundisha timu ya taifa ya Uingereza, waliongoza Allsvenskan miaka mitano mfululizo, 1985, 86, 87, 88 na 89. Mitano! Ubingwa wakapata miwili tu, 1986 na 1988. Ile mingine mitatu wakaibeba Örgryte 1985, IFK Göteborg 1987 na IFK Norrköping 1989. Haya toa 3 kwenye 27 unapata 24, na hapo jibu lako la Malmö limeisha. Mimi binafsi naona ule mfumo ulikuwa uonevu, huwezi kumfanya mtu akimbie msimu mzima alafu kila kitu kikaamuliwe kwenye mechi mbili tatu, ila rekodi ndo rekodi na shirikisho linahesabu hivo.

Örgryte sasa unaweza kuwamaliza mwenyewe, zile 11 za mtoano jumlisha mchujo wa 1985 unapata 12. Hizo 2 ni Allsvenskan walizoongoza 1925–26 na 1927–28, ambazo zimeangukia kwenye kile kipindi kisicho na bingwa. Yaani 12 yao na 2 yao hazigusani hata mwaka mmoja, kwahiyo ukikuta mtu ameandika 14 ujue amejumlisha maembe na machungwa, usimfuate.

IFK Göteborg wana ubingwa 18 na Allsvenskan 13. Tatu za mwanzo ni za mtoano (1908, 1910, 1918), mbili ni za mchujo ambapo ligi iliongozwa na mwingine, 1983 na 1987.

Wa kukutega vibaya ni Norrköping na AIK, maana namba zao zinafanana ukadhani mambo shwari. Norrköping ni 13 na 13, lakini sio 13 zilezile! Wana ubingwa wa 1989 bila kuongoza ligi, na wameongoza ligi 1992 bila kuwa mabingwa, mwaka huo waliochukua ni AIK. AIK nao wana ubingwa 12, sita za enzi za mtoano na sita za baadaye, na Allsvenskan wameongoza mara sita, ila ukikagua mwaka kwa mwaka 1983 na 1992 zimebadilishana nafasi. Djurgården ndo hawana longolongo, nne za zamani na nane za ligi, 12.

Kwahiyo kwenye jedwali lako weka kolamu mbili, moja SM na nyingine Allsvenskan, na swali la "nani bingwa" lijibiwe na kolamu ya SM peke yake. Mwaka pia uangalie, zamani ligi ilianza msimu wa vuli ikaisha masika ya mwaka unaofuata, ndo maana unaona 1934–35. Ile ya 1957–58 ni kituko, walikuwa wanahamisha kalenda ikabidi kila timu icheze mechi 33 badala ya 22, IFK Göteborg wakachukua. Tangu 1959 msimu unaanza na kuisha ndani ya mwaka mmoja. Na tafadhali usiandike "Göteborg" tupu, mji ule una IFK, Örgryte, GAIS na Häcken na wote wameshawahi kuwa mabingwa.

Kuhusu nani mkubwa, nyumbani ni Malmö bila ubishi. Kule klabu inaweka nyota moja juu ya nembo kwa kila ubingwa 10, na Malmö peke yao wana mbili, ya pili waliipata 2017. Kombe la Uswidi pia wanaongoza. Wamefika mpaka fainali ya Kombe la Mabingwa Ulaya 1979 kule Munich, wakafungwa 1–0 na Nottingham Forest, goli la Trevor Francis. Ila ukiniuliza nani ameleta kitu kutoka nje ni IFK Göteborg, Kombe la UEFA mara mbili, 1982 na 1987. Ile ya 1982 chini ya Sven-Göran Eriksson walimpiga Hamburg 1–0 nyumbani wakaenda Ujerumani wakampiga 3–0 kwake! Mimi kwangu hiyo inazidi nyota ya pili, ila mashabiki wa Malmö hawatakubali na sitagombana nao. Wakenya wengi watakutajia Djurgården kwanza kwa sababu ya mshambuliaji wao Michael Olunga alipocheza pale 2016, nao wanaeleweka.

Hesabu zote hizi ni mpaka mwisho wa msimu wa 2025, ambao ulichukuliwa na Mjällby kwa mara yao ya kwanza kabisa, timu ya kijijini pembezoni mwa bahari, wakamaliza na pointi 75 ambazo ni rekodi ya ligi. Kama unataka maswali ya kuwatoa watu jasho, uliza nani aliongoza Allsvenskan 1983 (AIK), alafu hapohapo uliza nani alikuwa bingwa wa Uswidi 1983 (IFK Göteborg), ila andaa maelezo maana malalamiko utayapata.