Maswali ya watumishi: ari ya kazi inapokwisha halmashauri

Nimechagua maswali manne ya watumishi wa halmashauri zetu. Kabla ya kustaafu nilikaa ofisi ya utumishi miaka mingi, na haya yote nimeyaona.

Mimi ni afisa utumishi, nimehamia halmashauri ya vijijini. Kila anayeingia ofisini anadai, na fungu halina kitu. Nianzie wapi?

Anza kwa kutenganisha madeni. Malimbikizo ya mshahara hulipwa na Hazina. Kazi yako ni kuingiza taarifa kwenye mfumo wa mishahara mapema na bila makosa. Nauli ya likizo na gharama za uhamisho ni madeni yasiyo ya mshahara, na hayo ni ya halmashauri yenyewe. Mtumishi asipoelezwa tofauti hiyo, anaondoka akiamini Mkurugenzi amekalia fedha zake.

Halafu panga orodha kwa tarehe ya deni, uibandike ubaoni kwa cheki namba (namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara), bila majina. Anayejiona wa arobaini, na mwezi ujao akajikuta wa thelathini na mbili, anasubiri kwa utulivu. Kinachoua ari ni kumwona aliyedai jana amelipwa leo kwa sababu anafahamiana na mhasibu.

Namkumbuka mwalimu aliyetoka kijijini alfajiri kwa bodaboda, akafika na vumbi mpaka kwenye kope, kufuatilia nauli ya likizo. Akaambiwa jalada lake halionekani. Lilikuwa pale pale mezani, chini ya chupa ya chai. Hakugomba. Alikunja barua yake mara nne, akairudisha mfukoni, akaondoka. Darasa lake lilikaa bila mwalimu siku nzima. Kwa hiyo nakusihi: kila robo mwaka beba majalada, uwafuate watumishi kwenye kata zao. Gari la chanjo au la ukaguzi wa shule likienda huko, omba nafasi.

Mganga mfawidhi wetu anatufokea mbele ya wagonjwa. Tufanye nini? (Muuguzi, kituo cha afya)

Pole sana, dada. Kosa la mtumishi lina utaratibu wake: anaitwa pembeni, anaonywa, na likiwa zito anapewa tuhuma kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Kumwaibisha mtu mbele ya mgonjwa anayemhudumia hakumo katika utaratibu huo. Mwende wawili au watatu mkaongee naye faraghani, baada ya zamu. Wengi hubadilika hapo. Asiposikia, mwandikieni Mganga Mkuu wa Wilaya, mkitaja siku na maneno yaliyosemwa. Msiandike barua isiyo na majina, itatupwa.

Baraza letu la wafanyakazi ni soda na posho tu. Lina faida gani? (Mtendaji wa kijiji)

Lina nguvu kuliko mnavyodhani, ndugu yangu. Mabaraza haya yapo kwa Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003, na bajeti ya halmashauri hupitia humo kabla ya kwenda mbele. Tatizo ni kwamba wajumbe hupewa makabrasha mlangoni. Mwombeni mwakilishi wenu adai makabrasha wiki moja kabla, kisha asimame kwenye yatokanayo na kikao kilichopita na kuuliza: fungu la nauli ya likizo tuliloahidiwa limetoka kiasi gani? Jibu liingie kwenye muhtasari. Tawi la TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, limsaidie kuandaa maswali.

Mfanyakazi bora wa Mei Mosi kwetu huchaguliwa kwa zamu. Ni sawa?

Hapana. Mchapa kazi anajua kwamba zawadi yake haitokani na jasho lake, na mvivu anajua zamu yake inakuja. Idara itaje kwa sauti alichofanya huyo mtu: kisima alichofufua, mapato aliyokusanya, kina mama aliowazalisha usiku bila umeme. Kama hakuna cha kutaja, mwaka huo idara isipeleke jina.